Doti ya Khanga Niliyompa Shahidi

Mtanda,
Lindi.
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Hafsa,

Marahaba. Naitikia shikamoo yako kabla hujaitoa, maana nakujua: tangu utoto ulikuwa mtu wa kuingia ndani mbio, habari mbele, shikamoo inakuja nyuma inahema. Assalaam alaykum, na tena marahaba.

U hali gani huko Nairobi? Baridi imepungua? Sadick mumeo hajambo? Na wajina wangu, Mwanaheri mdogo, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kwa ufizi kama mimi? Mwambie asione haya. Yake yatarudi, ya bibi yake ndiyo yamekwenda moja kwa moja.

Mimi namshukuru Mungu. Goti la kulia lina kiburi siku hizi, likitaka kukunjika linakunjika, lisipotaka nasali kwenye kiti. Paa la jikoni lililoezuliwa na upepo wa mwezi wa tano limeshazibwa. Mjomba wako Idd alikuja kutoka Kilwa na nyundo yake, akapigilia misumari siku moja, akalalamika siku tatu, akaondoka na kuku wangu.

Korosho zimeanza kuanguka. Ukipita Mitwero sasa ni harufu ya mabibo tu, na mimi nikiisikia nakuona wewe na lile gauni lako la shule, madoa ya bibo kifuani, unaapa kwamba hukula. Nilikuchapa kibao kimoja, halafu nikalia mimi. Ulikuwa na miaka saba, mama yako ana miezi miwili tu kaburini, na mimi sikujua bado namna ya kuwa mama wa mtu. Nilikuwa karani wa posta tu.

Barua hii utapewa na Agnes, mwenzako wa kazi, mkono kwa mkono. Ulinikataza kuandika mambo ya kazi kwenye simu, na hili ni la kazi. Nimekaa nalo wiki nyingi. Niache nizunguke kidogo kabla sijalisema, kwa sababu si jepesi, na kwa sababu bila ya zamani hutaelewa kwa nini limeniuma hivi.

Unaikumbuka posta yetu ya Kilwa Masoko? Mimi naikumbuka hata kwa pua. Lakiri ikiyeyuka, gundi, magunia ya barua yaliyolowa mvua. Ukitoka shule ulikaa nyuma yangu juu ya sanduku la mbao, kazi yako kubandika stempu. Nilikupa sifongo ya kulowanishia, ukaona inakuchelewesha, ukawa unalamba. Jioni ulimi ulikuwa mkavu huwezi hata kusema umeshiba.

Na watu wale wasiojua kuandika, waliosimama dirishani kwangu wakinitajia maneno. Mwanangu, nilipenda kazi ile. Mtu anakukabidhi ugomvi wake na mapenzi yake, wewe unavipeleka ng'ambo bila kuonja. Siku hizi kila mtu ana simu na hakuna anayemkabidhi mwenzake kitu.

Bila shaka unamkumbuka mke wa Mzee Kondo, yule aliyemwandikia mumewe Mafia. Alinitajia: "Mwambie yeye ni jibwa." Mimi, kwa adabu zangu za posta, nikaandika, "Wewe si mtu mwema." Akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Mimi nimesema jibwa. Hilo la mtu mwema ni lako, mwandikie mumeo." Nikachana karatasi, nikaandika upya, jibwa likakaa mahali pake. Wewe ulicheka mpaka ukaanguka kwenye sanduku. Tangu siku ile mpaka nastaafu, hakuna barua niliyoifunga kabla ya kumsomea mwenyewe.

Agnes aliniambia kwamba ukiwafundisha vijana wenu kazi, unaanza na kisa hicho. Unawaambia, mimi sikujifunzia kazi hii chuo cha sheria, nimejifunzia dirishani kwa mama yangu mkubwa. Siku aliponiambia nilitembea Mtanda nzima nimeinua shingo. Nilinunua hata samaki nisiyemhitaji.

Sasa nakuja.

Mwaka jana ulipokuja sikukuu ulinieleza kazi yenu. Kwamba ninyi ni wanawake wanne, hamko upande wa serikali yoyote wala wa wenye silaha wowote. Mnakusanya, mmoja mmoja, habari za wanawake walioingiliwa kwa nguvu katika vita vya ng'ambo ya Ruvuma, mnaziandika kwa utaratibu na kuzitunza, ili siku hakimu akipatikana asiambiwe hakuna ushahidi. Ukaniomba niwe mkalimani, kwa kuwa baadhi ya wanawake hao wamekimbilia kwa ndugu zao huku kwetu, na mimi Kimakonde nilikipata kwa marehemu mume wangu Nassibu, mtu wa Newala, aliyekataa katakata kunitongoza kwa Kiswahili.

Ukanipa masharti. Usitoe kitu. Usiahidi kitu. Usiongeze neno wala usipunguze. Nikasema naam, naam, kama mtoto wa darasa la kwanza. Moyoni nilijiambia, huyu ananifundisha kitu alichojifunza kwangu.

Wanawake kumi na mmoja nimewakalimani tangu hapo. Huyu ninayekuandikia habari zake tutamwita Maftaha, jina ulilompa wewe, la kwake halitoki kinywani mwangu. Yuko Mitwero kwa wifi yake Salome. Kiswahili cha sokoni anakijua vizuri. Lakini ya moyoni huyasema kwa Kimakonde tu.

Siku ya kwanza nilikwenda peke yangu, kumjulia hali na kumwuliza kama angependa kuonana na Agnes. Na sikwenda mikono mitupu. Nilimpelekea doti ya khanga. Mwanangu, yule ni mjane. Mumewe ameuawa, hajapata hata mtu wa kumpa pole kwa desturi, anajifunika shuka la kuazima. Mimi niingie nyumba ya msiba nikiwa napunga mikono? Nani alinizaa? Sharti lako nililikumbuka pale mlangoni, nikajiambia hilo ni la wageni wa mahoteli, halimhusu mtu wa hapa. Nikampa. Akajifunga moja, moja akajitanda, akakaa vizuri zaidi. Sikumwambia Agnes.

Wiki iliyofuata tulikaa naye asubuhi tatu. Aliyoyasema yako kwenye daftari la Agnes na kwenye kile kinasa sauti, sitayarudia kwenye barua. Wewe utayasoma, na utajua mwenyewe kwa nini Salome siku hizi anapeleka kinu kutwangia kwa jirani, Maftaha asisikie mchi. Siku ya tatu, yote yamekwisha, Agnes akafika kwenye yale maswali ya mwisho ya karatasi yenu. Akauliza: "Je, umepewa au umeahidiwa kitu chochote kabla ya kutoa maelezo haya?"

Nikaligeuza swali kwa Kimakonde. Maftaha akajibu kwa Kimakonde, bila kusita: "Huyu mama alinipa khanga."

Agnes akanitazama, kalamu mkononi, anangoja.

Nikasema, "Anasema hapana."

Hivyo tu, Hafsa. Maneno mawili. Nimelala nayo na kuamka nayo. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia ni aibu. Niliona aibu mbele ya Agnes, ambaye namwita mtoto. Tena papo hapo nilijipa hoja: khanga ni ya msiba, si ya maelezo, kwa hiyo jibu la kweli ni hapana. Nikajifanya hakimu kwenye kiti cha mkalimani. Mke wa Mzee Kondo angeniambia, hilo hapana ni lako.

Maftaha alitia dole gumba kwenye karatasi. Kabla ya hapo Agnes alimwuliza kama angependa asomewe maelezo yake yote kwanza, kama mnavyofanya, akakataa. Alisema ameshayasema mara moja, hataki kuyasikia tena. Nasi tukaheshimu.

Pengine ningenyamaza mpaka leo. Lakini mwanzoni mwa mwezi wa tisa Agnes alinieleza, tukiwa tunachambua mchele, kwamba majalada yatakwenda kwa mawakili mwezi wa kumi na moja, na kwamba jambo la kwanza watakalofanya wa upande wa pili ni kumtafuta mtu wao anayejua Kimakonde asikilize kanda. Atakapofika pale kwenye khanga na kusikia nilivyosema, hataishia kwa Maftaha. Atasema mkalimani ni mwongo. Na mkalimani wa wote kumi na mmoja ni mmoja, ni mimi. Nikaona wanawake kumi na mmoja wakirudishiwa maneno yao usoni, kwa sababu ya adabu zangu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikamwambia Agnes pale pale, ungo wa mchele mapajani. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alisafisha mikono, akafungua daftari, akaandika tarehe, akaniambia, "Bibi, tuanze kwa mwenyewe. Maneno ni yake."

Tukaenda Mitwero. Nikamweleza Maftaha nilichofanya, kwa Kimakonde, na kwa Kiswahili ili Agnes asikie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Mimi nilijua. Neno hapana nalifahamu, mama. Ulipolisema nikajiuliza, kama hili dogo amelibadili, yale makubwa ameyafanya nini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Siku zote zile alikuwa anajua. Nikipita kumsalimu ananikaribisha, ananiuliza goti langu, na ndani mwake anawaza kwamba aliyoyatoa kwa shida namna ile huenda hayakufika popote.

Kisha akasema anataka asomewe. Yote, tangu mwanzo, na mtu mwingine, si mimi. Yule aliyesema hataki kuyasikia tena, ikabidi ayasikie, kwa sababu yangu. Hilo, Hafsa, ndilo lisilonitoka. Mambo ya mahakama mtayapima ninyi wenye elimu yenu. Mimi najua tu kwamba kwa ajili ya kuficha doti moja ya khanga, nimemrudisha mwanamke yule mahali alipokuwa ametoka.

Agnes alimpata Mwalimu Marietha, mstaafu kutoka Newala anayeishi hapa mjini, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, akala kiapo chenu cha siri. Akasikiliza kanda, akageuza upya neno kwa neno, kisha akamsomea Maftaha kwa Kimakonde, asubuhi mbili. Mimi nilikaa nje barazani na Salome, tunabangua korosho. Sikusikia maneno, sauti ya Marietha tu, haipandi wala haishuki. Mara moja pazia liliinuliwa na upepo nikamwona Maftaha ameinamisha kichwa, ile khanga imemfunika mpaka machoni, analia kimya. Nikashindwa kuendelea kubangua.

Siku ya pili Marietha akatoka, akanisimamia, akaniambia kuna mahali pawili. Pa kwanza ni pa khanga. Pa pili sikupajua. Maftaha alikuwa amesema wanaume watatu walimwingilia, na wa nne alikaa mlangoni hakumgusa, wenzake wakamwita kwa jina wamwulize kama kuna mtu anakuja. Mimi nilikalimani watatu tu. Wa nne nilimwacha. Sikukusudia, sentensi ilikuwa ndefu, na nadhani nilikuwa nimechoka kusikia. Lakini ndiye pekee mwenye jina katika maelezo yote yale, na nilimwacha mlangoni.

Usije ukaniandikia kwamba basi kosa langu limeleta heri. Nakujua, una huruma ya mama yako. Jina limepatikana kwa sababu Maftaha alikubali kuumia mara ya pili, wala si kwa sababu mimi niliongopa. Marietha sasa anasikiliza kanda za wale kumi wengine. Amefika ya sita, na mpaka sasa hajakuta kitu. Kazi hiyo ataimaliza yeye, na nimemwambia Agnes mimi sikai tena kwenye kile kiti. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, nimeandika nilichofanya, tarehe na saa, nikatia sahihi. Iweke ndani ya jalada la Maftaha, mbele, mahali pa kuonekana. Usinifiche kwa kuwa ni mama yako. Ukinifichia utakuwa umefanya nilivyofanya.

Acha nikwambie ilivyokwisha pale Mitwero. Usomaji ulipofika kwenye swali la mwisho nikaitwa ndani niwepo. Marietha akaliuliza upya. Maftaha hakungoja mkalimani. Akalijibu kwa Kiswahili, mwenyewe, akimwelekea Agnes: "Andika. Nimepewa khanga doti moja, na huyu mama, siku ya kwanza, nikajifunika. Halafu yaache yale mengine kama nilivyoyasema. Yote ni kweli."

Agnes akamwuliza kama angependa kuirudisha. Akasema, "Ya msiba hairudishwi. Nyie watu wa pwani hamjui desturi?" Na akanitazama mimi, na nakwambia ulikuwepo utani machoni mwake, mdogo sana, wa Mmakonde kwa mtani wake. Sijui kama nimesamehewa. Sikumwuliza, kwa sababu ningemwuliza angelazimika kusema ndiyo.

Basi, mwanangu, nimemaliza kuzunguka. Kuna wakati natamani tungekuwa bado pale Masoko, mimi dirishani na wewe juu ya sanduku, na kosa kubwa la siku liwe barua ya Mafia kutiwa gunia la Nachingwea. Ukija mwezi wa kumi na mbili twende tukaitazame posta ile. Idd anasema sanduku lako bado lipo, wameliwekea mtungi wa maji. Na kama moyo wako utakuwa mzito juu yangu, njoo hivyo hivyo na uzito wako, nitakupikia ugali wa muhogo na pweza, tukae kimya.

Nisalimie Sadick, mwambie kofia yake aliyoisahau ninayo, nimeifua. Mbusu wajina wangu penye mapengo. Mjomba Idd anakusalimu, na shangazi yako Amina wa Kivinje anauliza kama ulipata zile dagaa. Salome anakusalimu bila kukujua. Mungu akulinde katika kazi hiyo ngumu, akupe masikio yasiyochoka, maana ya kwangu yalichoka, na awafikishe wale kumi na mmoja mbele ya atakayewasikiliza.

Ni mimi, niliyekupenda toka ukiwa wa kubebwa mgongoni na sijaacha,

Mama yako mkubwa,
Mwanaheri binti Mfaume

Baada ya kuandika: Nimechelewa kuifunga barua hii kwa siku mbili. Habari zake zimo, kwa hiyo nimekwenda Mitwero nikamsomea Maftaha yote, kwa Kimakonde, na Agnes akiwepo. Ametoa ruhusa ije. Ila amenisimamisha mahali pamoja, pale nilipoandika kwamba nilimwona analia. Anasema hakulia. Alikuwa ameinama anahesabu kwa vidole chini ya khanga, kila mtu aliyemtaja, aone kama safari hii wametimia. Neno hilo nimelikata kwa mstari mmoja tu, ili usome nilichokuwa nimeandika.